Swali la Kumi na Mbili

Kishkwambi kina maswali kumi na moja
na rangi tatu: kijani, manjano, nyekundu.
Nilifundishwa siku nne, mjini Comrat,
namna ya kuuliza bila kukunja uso.

Profira Topal ananipokea mlango wa nyuma,
mikono ina unga, viatu vina tope jeusi,
lile ambalo babu zetu wa huku Moldova walilisifia:
chomeka mpini wa jembe jioni,
asubuhi utaukuta una majani.

Namuuliza faida.
Anacheka kicheko kifupi, cha puani.
"Mwaka juzi ukame. Mwaka jana mvua ya mawe.
Mwaka huu alizeti ilistawi, bei ndiyo ikanyauka."
Nabonyeza nyekundu.

Namuuliza dawa, mbolea, maji,
miti ya mpakani, hati ya ardhi.
Hati anayo, kaifunga kwenye leso
pamoja na cheti cha kifo cha Gavril.
Kijani. Kijani. Manjano. Kijani. Kijani.
Ujira wa kibarua? "Kibarua ni mimi."
Hakuna kitufe cha jibu hilo.

Mwanawe yuko Padova, anawaogesha wazee wa watu.
Hilo sikuuliza. Alilisema mwenyewe,
akitazama dirishani.

Sasa kanuni, na kanuni sikuitunga mimi:
shamba huvikwa rangi mbaya kuliko zote lilizopata.
Samaki mmoja akioza.
Kwa hiyo hekta sita za Profira,
zenye nyungunyungu kumi na tisa katika koleo moja
(nilihesabu mara mbili, wa ishirini alikatika),
ni nyekundu.

Ng'ambo ya barabara, hekta mia nane za kampuni.
Meneja alinijibu jana kwa simu, akiwa garini.
Faida? Ipo. Mishahara? Kwa wakati.
Mmomonyoko? "Sijauona."
Nami natakiwa kuandika kilichosemwa,
si ule mfereji uliotafuna ukingo wa barabara
hata gari langu likaegemea upande.
Manjano.

Profira anaiona rangi yake kwenye kioo. Hasemi kitu.
Anachukua koleo. "Njoo."

Mwezi wa tano, anasema tukitembea,
nilizika chupi mbili za marehemu.
Pamba tupu, nyeupe, za enzi ya mashamba ya ujima,
zilizoshonwa na watu wasiojua mzaha.
Moja kwangu, moja kwao,
usiku, nikivuka barabara kama mwizi.

Anachimba kwake kwanza.
Udongo unameguka kama mkate wa jana, unanukia mvua.
Kinachotoka ni mpira wa kiuno
na kipande cha pindo,
basi. Kingine chote kimeliwa.
Anautundika ule mpira mkononi kama bangili.

Ng'ambo, koleo linagonga, linarudi.
Analikanyaga. Nalikanyaga na mimi.
Bonge linang'oka zima kama tofali,
na chini yake chupi ya Gavril,
imekunjwa vilevile alivyoikunja,
ina doa moja la kutu.
Ungeifua ukaivaa Jumapili.

"Nilimfulia huyu mtu miaka thelathini na mmoja," anasema.
"Sikujua kuna ardhi inayoweza kumkataa."

Mali bila daftari hupotea bila habari: najua,
na daftari ndilo mkate wangu.
Lakini jioni ile, kabla ya kutuma,
katika nafasi ya maoni ya mdadisi,
herufi mia mbili ambazo hakuna anayezisoma,
niliandika uzito.
Chupi ya kwanza, gramu tisa.
Ya pili, gramu tisini na nne, pamoja na tope.

Kishkwambi kikauliza: Una hakika?
Nikabonyeza ndiyo
kwa kidole ambacho kilikuwa bado cheusi.